Nyasi za Bibi Arusi

Kila Jumamosi asubuhi Nyirabahire alishika mundu wake, akashuka bondeni kukata nyasi. Hakukata nyasi za aina yoyote. Alichagua zile laini, nyembamba kama nywele, ambazo watu wa kwao huziita ishinge. Alizianika uani hadi jioni. Kisha alizitandika sakafuni, fungu baada ya fungu, ncha zote zikielekea mlangoni. Mgeni aliyeingia alivua viatu bila kuambiwa.

Nyumba nyingi za Nyaishozi zilikuwa na sakafu za udongo, na nyingi zilitandikwa nyasi. Lakini wanawake wa kitongoji kile walikubaliana kwamba hakuna aliyetandika kama Nyirabahire.

Nyasi mpya ziliwekwa juu ya zile za zamani. Za zamani hazikutolewa. Jambo hilo lilikuwa na sababu yake. Katika ukoo wa Nyirabahire, nyasi alizozikanyaga bibi arusi siku ya kuingia nyumbani haziondolewi mpaka azae, na mtoto atolewe nje kuonyeshwa jua. Mama yake alifanya hivyo kule Rwanda, kabla hawajavuka Mto Kagera. Nyirabahire naye alifanyiwa hivyo. Mwanawe Theoneste alipomwoa Immaculata, binti kutoka Bugomora, mama alitandika nyasi za bibi arusi kwa mikono yake mwenyewe.

Hiyo ilikuwa mwaka 1981. Sasa ulikuwa mwaka 1985, na nyasi zile bado zilikuwa pale chini.

Mimba ya kwanza ya Immaculata iliharibika katika mwezi wa tano. Mtoto wa pili alizaliwa kabla ya siku zake. Aliishi siku mbili, akafa bila jina. Sasa Immaculata alikuwa na mimba ya tatu, ya miezi sita. Na homa ilikuwa imeanza tena.

"Mama, naomba maji," Immaculata alisema. Alikuwa amelala kwenye kitanda cha nyasi, karibu na ukuta, pale alipolala tangu siku ya arusi. Meno yake yaligongana. Macho yalikuwa mekundu.

Nyirabahire alimwinua kichwa, akamnywesha. Shingo ya mkwewe ilichoma kama sufuria iliyotoka motoni.

"Kichwa bado?"

"Kichwa, mgongo, miguu. Hata nywele zinauma, mama."

"Mtoto anacheza?"

Immaculata aliweka mkono tumboni. Aliusogeza huku na huku, akitafuta.

"Kidogo," alisema.

Nyirabahire alitoka nje ili mkwewe asimwone machoni. Alijua maneno yaliyokuwa yakisemwa na watu wa ukoo. Walisema Theoneste amrudishe mwanamke huyu kwao. Walisema Bugomora wamempa tumbo lisiloshika. Nyirabahire hakuyakubali maneno hayo. Alimpenda msichana huyu. Lakini siku hizi alikuwa akijiuliza: ni nani anayetuonea kijicho hivi?

Homa ilidumu siku tatu. Siku ya nne Immaculata alitoka jasho jingi, shuka ikalowa kama imetolewa mtoni. Asubuhi iliyofuata aliamka mwepesi, akaomba uji.

"Amepata nguvu ya kutembea," Nyirabahire alimwambia mwanawe. "Twende naye kituo cha afya leo, kabla haijarudi."

Njia ilikuwa ya saa mbili kwa miguu. Mpima damu alimtoboa Immaculata kidole, akaitazama damu yake kwenye hadubini. Hakuona kitu. Joto la mwili lilikuwa la kawaida. Immaculata alipewa vidonge vya kuongeza damu, wakarudi nyumbani wakiwa na furaha.

Baada ya siku nane homa ilirudi. Mara hii ilikaa siku mbili, kisha jasho, kisha nguvu. Wakatembea tena mpaka kituoni. Mpima damu akatazama tena, na mara hii pia hakuona kitu.

Jirani yao Polikarpi aliwakuta njiani wakirudi. Polikarpi alikuwa mpasua mbao mwenye mdomo usiopumzika. Pia ndiye aliyekuwa kiongozi wa chama cha machela cha kitongoji. Mgonjwa aliyezidiwa au mama aliyeshikwa na uchungu, wanachama walimbeba mabegani.

"Mnatoka wapi, mama?"

"Tulimpeleka mgonjwa."

Polikarpi alimtazama Immaculata, aliyekuwa akitafuna muwa.

"Mgonjwa yuko wapi? Ninyi mna utaratibu wenu. Akiugua mnamlaza. Akipona mnampeleka hospitali."

Immaculata alicheka. Nyirabahire hakucheka. Maneno yale yalimwingia kama mwiba, ingawa hakujua kwa nini.

Muuguzi mkunga wa kituo kile aliitwa Kokuhirwa. Alikuwa mwenyeji wa Muleba, mwanamke mfupi, asiyependa maneno mengi. Jumatatu iliyofuata alikuja Nyaishozi kupima wajawazito na watoto chini ya paa la ghala la chama cha ushirika. Zamu ya Immaculata ilipofika, Kokuhirwa alisoma kadi yake kwa makini.

"Shikamoo, mama," alimwambia Nyirabahire.

"Marahaba, mwanangu."

"Hii kadi inasema mimba mbili zimepotea. Na sasa homa mara mbili. Homa hiyo hujaje?"

"Huja kwa kishindo. Hukaa siku mbili, tatu. Halafu jasho, halafu inakwisha. Juma moja anakuwa mzima. Halafu inarudi."

"Mimba zile mbili pia kulikuwa na homa?"

"Kila mara."

"Kabla ya kuolewa, ulikuwa ukiipata homa hii kwenu?" Kokuhirwa alimwuliza Immaculata.

"Hapana, dada. Ilinianza hapa, miezi miwili baada ya arusi."

Kokuhirwa alitikisa kichwa polepole. "Nanyi humleta kupimwa siku gani?"

"Siku akiweza kutembea," alisema Nyirabahire. "Tungemletaje siku nyingine? Siku ya homa hawezi hata kukaa."

"Hapo ndipo tunapokosea, mama. Homa ikishuka, vijidudu vyake hupungua sana katika damu, hata hadubini haivioni. Homa ikipanda, vinajaa. Ninyi mnatuletea damu siku ambayo mwizi ametoka nyumbani."

Maneno ya Polikarpi yalimrudia Nyirabahire. Akipona mnampeleka hospitali.

"Ikirudi," Kokuhirwa aliendelea, "msingoje jasho. Mleteni siku ileile, hata kwa machela. Na msichelewe. Mimba hii haitastahimili homa nyingi."

Homa ilirudi siku ya Alhamisi, saa moja asubuhi. Nyirabahire hakuchemsha hata maji. Alimtuma Theoneste kwa Polikarpi mbio. Kabla ya saa mbili wanaume sita walikuwa uani na machela. Immaculata alilazwa ndani yake, akafunikwa blanketi, wakaondoka. Wawili walibeba mbele na wawili nyuma, na wawili wengine walifuata wakingoja zamu yao. Polikarpi alikuwa mbele. Siku hiyo hakutania. Walipopanda mlima wa mwisho alisema neno moja tu.

"Upesi."

Kituoni mpima damu alichukua damu, akaipaka kwenye kioo, akaitia dawa ya rangi. Alitazama. Mara hii hakuchelewa kuinua uso.

"Vimo," alisema. "Vimejaa."

Kokuhirwa alimshika Nyirabahire mkono. "Njoo uone, mama."

Nyirabahire hakuwahi kutazama ndani ya chombo kile. Alifumba jicho moja kama alivyoelekezwa. Mwanzoni aliona giza. Kisha aliona duara lenye mwanga, na ndani yake vitu vya mviringo vingi kama punje za mtama. Katikati yake palikuwa na nyuzi nyembamba za rangi ya zambarau. Zilijikunja na kujisokota kama vikono vya mboga ya maboga vikitafuta mti wa kushika.

"Nyuzi hizi ni nini?"

"Hivyo ndivyo vijidudu vya homa. Mkweo ana homa ya papasi, wadudu wanaonyonya damu ya watu usiku."

Kokuhirwa alimchoma Immaculata sindano ya penisilini. Kisha akawaketisha Nyirabahire na Theoneste kwenye benchi.

"Nisikilizeni kabla hamjaogopa. Saa chache zijazo atatetemeka kuliko alivyowahi kutetemeka. Joto litapanda. Dawa haimuui. Vijidudu vingi vinakufa kwa pamoja, na mwili unashtuka. Tutakuwa naye. Tutampa maji. Msimwondoe hapa."

Haikuchukua muda. Immaculata alianza kutetemeka hata kitanda kikatembea sakafuni. Alipiga kelele akimwita mama yake wa Bugomora. Nyirabahire alisimama. Alitaka kumchukua mkwewe mikononi, amtoe mahali hapa na sindano zao. Alikwishashika blanketi.

"Mama," alisema Theoneste kwa sauti ya chini. "Nesi alituambia."

Nyirabahire aliliachia blanketi. Alikaa chini kando ya kitanda, akaushika mguu wa Immaculata, akaomba rozari. Kokuhirwa alimpima Immaculata mapigo ya moyo na kumpangusa kwa kitambaa kilicholowa. Ilipofika alasiri mtetemo ulipungua, jasho likatoka, Immaculata akalala. Kokuhirwa aliweka chombo chake cha kusikilizia tumboni. Alisikiliza hapa, akasikiliza pale. Nyirabahire alihesabu shanga tatu za rozari bila kusali.

"Yupo," alisema Kokuhirwa. "Anapiga vizuri."

Walilala kituoni siku nne. Siku ya tatu Nyirabahire aliuliza swali lililokuwa likimsumbua.

"Mwanangu, kwa nini homa hii hupona yenyewe, kisha hurudi? Ugonjwa ukiondoka si umeondoka?"

Kokuhirwa alifikiri kidogo. Polikarpi alikuwa amewaletea ndizi, naye akasogea asikilize.

"Mama, unawajua mgambo wa kule mtoni, mpakani?"

"Nani asiyewajua?"

"Tuseme walanguzi wa kahawa wanavuka wakiwa wamevaa makoti mekundu. Siku za kwanza wanapita tu. Kisha mgambo wanalijua koti jekundu. Kila mwenye koti jekundu anakamatwa. Mto unatulia. Lakini walanguzi wachache wamebadilisha makoti. Sasa wamevaa meusi. Mgambo wanawatazama tu wakipita, maana hawalijui koti hilo. Wale wachache wanaongezeka, mpaka wanajaa tena. Damu yetu nayo ina walinzi wake. Vijidudu hivi hubadilisha koti. Kila koti jipya ni homa mpya."

"Kumbe magendo yamo mpaka ndani ya damu," alisema Polikarpi.

"Yamo. Dawa haitazami koti. Inakamata wote. Kwa hiyo, mkishuku homa hii, msinunue vidonge viwili dukani. Homa itashuka yenyewe, mtasifu vidonge, kumbe inabadilisha koti tu."

"Na mimi?" Nyirabahire aliuliza. "Nalala nyumba hiyohiyo. Mbona siugui?"

"Umeishi na papasi miaka mingi, mama. Walinzi wako wamekwishayajua makoti mengi ya hapa. Mkweo alitoka nyumba isiyo na papasi. Lakini usijivune. Ukienda kulala mbali, vijidudu vya papasi wa huko huenda si sawa na vya hapa. Vinaweza kukuangusha wewe pia. Na mtoto mchanga hana walinzi kabisa."

Nyirabahire alitazama mikono yake. "Papasi hao," alisema, "wako wapi katika nyumba yangu? Mimi nafanya usafi kila juma."

"Nitakuja Jumatatu," alijibu Kokuhirwa. "Tutawatafuta pamoja."

Jumatatu alikuja na kitambaa cheupe, chekeche na kijiti. Alivua viatu mlangoni kama wageni wote. Alizisifu nyasi, tena kwa dhati. Kisha akapiga magoti pale Immaculata alipokuwa akilala, karibu na ukuta.

"Mama, naomba kuinua kona hii."

Uso wa Nyirabahire ulibadilika. "Nyasi hizo hazitolewi."

"Kwa nini, mama?"

"Ni nyasi za bibi arusi. Hutoka siku mtoto atakapoonyeshwa jua. Zikitoka kabla, ni kama kusema mtoto hatakuja."

Kokuhirwa hakubishana wala hakucheka. Alikaa na magoti yake sakafuni.

"Sitazitoa," alisema. "Nitainua tu kona, nirudishe."

Nyirabahire alikubali kwa kichwa.

Tabaka la juu lilikuwa la dhahabu. La pili lilikuwa la kijivu. Chini yake nyasi zilikuwa zimekuwa vumbi, na katika vumbi hilo kulikuwa na kinyesi cha panya na tundu la panya lililoingia chini ya ukuta. Kokuhirwa alichota udongo wa penye ufa, akauchekecha kwa chekeche juu ya kitambaa cheupe.

Vikaanguka vitu vitano, kama mbegu zilizokunjamana, rangi ya udongo. Havikusogea.

"Uchafu tu," alisema Theoneste.

"Ngoja," alisema Kokuhirwa.

Walingoja. Taratibu, mbegu moja ilitoa miguu. Ilikuwa minane. Ikaanza kutembea.

"Huyu ndiye papasi," alisema Kokuhirwa. "Ni wa jamii moja na kupe na utitiri. Ukimgusa hujifanya amekufa. Mchana hukaa katika ufa, katika tundu la panya na chini ya nyasi. Mkilala hutoka, hunyonya kwa muda mfupi, kisha hurudi. Ndiyo maana hamumwoni mwilini. Anaweza kukaa miaka bila kula, akiwangoja. Na akitaga, vijidudu hupita ndani ya yai. Mtoto wake huzaliwa navyo."

Immaculata alinyoosha kidole. Kokuhirwa akamzuia.

"Usimshike, wala usimpasue kwa kucha. Maji yake yanaweza kukuambukiza."

Alimbonyeza papasi mkubwa kwa kijiti. Doa la damu nyeusi lilienea kwenye kitambaa cheupe.

Nyirabahire alilitazama doa lile. Alikumbuka mtoto aliyeishi siku mbili. Alilazwa hapa hapa, kando ya ukuta huu, juu ya nyasi hizi. Yeye mwenyewe, bibi yake, aliongeza nyasi mpya siku ile ili mtoto alale laini.

"Damu hiyo ni ya nani?" aliuliza.

"Ni ya waliolala hapa, mama."

"Mtoto yule alilala hapa."

Kokuhirwa aliweka mkono begani mwa Nyirabahire.

"Hukujua," alisema hatimaye. "Wala mama yako hakujua. Sasa unajua. Mtoto wa tatu atahitaji pa kulala."

Theoneste alichukua jembe lililoegemea ukutani. "Nitazitoa mimi, mama. Wewe kaa nje."

"Lete hilo jembe," alisema Nyirabahire. "Mimi ndiye niliyezitandika. Atakayezitoa ni mimi."

Walimfunga kitambaa puani na kumvisha mabuti ya Polikarpi, makubwa kama mitumbwi. Alikwangua kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Alikwangua miaka minne ya Jumamosi, mpaka akafika kwenye nyasi za chini kabisa. Bado zilionyesha jinsi ncha zilivyokuwa zimeelekea mlangoni. Alisimama kidogo. Midomo yake ilisogea, lakini hakuna aliyesikia alichosema. Kisha akazikusanya hizo nazo. Zote zilichomwa moto siku ileile, mbali na nyumba.

Kazi iliendelea juma zima, huku Immaculata akilala kwa mke wa Polikarpi, katika nyumba yenye sakafu ya saruji. Bwana afya wa kata alikuja na bomba, akanyunyizia dawa katika nyufa na chini ya kuta. Theoneste alijaza mashimo ya panya kwa mawe na udongo. Walishindilia sakafu mpya ya udongo wa kichuguu, wakaipiga mpaka ikawa ngumu. Kuta walizisiliba upya, nje na ndani, bila kuacha ufa. Polikarpi alitengeneza kitanda cha mbao chenye miguu mirefu.

"Kitanda hiki," alisema, "papasi akitaka kukipanda itabidi aombe machela."

Kokuhirwa aliwaagiza wakiweke mbali na ukuta, na shuka isiguse chini. Aliwaambia pia wachunguze sakafu kila mwezi, na ufa ukitokea wauzibe siku hiyohiyo. Nafaka ziliwekwa katika pipa lenye kifuniko, panya wasipate cha kufuata.

Jumamosi ya kwanza Nyirabahire alishika mundu kwa mazoea. Alifika mlangoni, akakumbuka. Alirudi akakaa. Siku hiyo hakuongea sana. Aliiona nyumba kuwa baridi na ngeni, kama nyumba ya mtu mwingine.

Lakini siku nane zilipita, na homa haikurudi. Zikapita siku kumi na sita. Immaculata alianza kula, mashavu yakajaa. Mimba ikafika mwezi wa nane, na wa tisa. Kokuhirwa alimwandikia barua ya kwenda kujifungulia hospitali ya Nyakahanga, kwa sababu ya mimba zilizopotea. Immaculata na mama mkwe wake walipanda gari la kahawa. Juma la pili walirudi watatu.

Alikuwa msichana mwenye kilo tatu na sauti kubwa. Walimwita Uwimbabazi, yaani mtoto wa rehema.

Siku ya kumwonyesha jua majirani wote walikuja. Nyirabahire alikuwa amerauka kwenda bondeni na mundu. Alitandika nyasi uani, nje, chini ya anga. Zilikuwa laini, nyembamba, ncha zote zikielekea upande mmoja. Wageni walivua viatu. Wale wa ukoo waliosema Immaculata arudishwe Bugomora walikaa nyuma, wakala kimya. Kokuhirwa alimpokea mtoto, akamwinua juani, na mtoto akapiga chafya. Watu walicheka na kupiga vigelegele.

Jua lilipoanza kushuka wageni waliaga. Nyirabahire hakungoja. Alianza kuzikunja nyasi na kuzibeba kwa mikono miwili kwenda shambani.

"Mama, hata leo nyasi hazilali hapa?" Immaculata aliuliza, mtoto akiwa kifuani.

"Hazilali. Migomba inazingoja."

Alizitandaza mashinani mwa migomba, fungu baada ya fungu. Kisha aliingia ndani na ufagio. Alifagia sakafu ile ngumu polepole, kuanzia chini ya kitanda. Hapakuwa na ufa. Alipomaliza alisimama mlangoni, akatazama kazi yake. Mistari ya ufagio ilionekana vizuri kwenye udongo. Yote ilielekea mlangoni.